Pikapu mpya Dar: daraja la chini, la kati au la juu?

Mdogo wangu alinipigia simu Jumanne mchana akiwa bado kwenye maegesho ya shoroomu, Barabara ya Nyerere. "Shikamoo dada. Nina profoma tatu mkononi na zote naziona nzuri." Nikaitikia, nikamwambia asisaini kitu, asilipe hata shilingi ya kushikilia gari, anitumie picha za kurasa zote, kisha aende nyumbani akale kwanza.

Profoma zote tatu, yaani ankara za bei kabla ya malipo, zilikuwa za pikapu ileile. Kampuni moja, rangi nyeupe, ila madaraja tofauti: la chini kabisa, la kati, na lile ambalo muuzaji alimwambia ni "fulu". Pengo kati ya ya kwanza na ya tatu lilikuwa pesa ya mtu kuanzia kujenga.

Yeye hufunga pampu na mabomba ya visima. Kazi zake nyingi ziko Chanika, Msongola na Mbagala ya ndani, na zikivuka mkoa huenda Mkuranga na Kisarawe. Ana mke na watoto wawili, anaishi Mbezi. Gari hilohilo lipeleke pampu Jumatatu, na Jumapili lipeleke familia kanisani. Watu wa namna yake hapa mjini ni wengi, na ndio wanaosumbuka zaidi kuchagua, kwa sababu kila daraja lina kitu kinachowavuta.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Nimenunua pikapu mpya mara mbili, na mara zote mbili nilikosea daraja. Mara ya kwanza nilichukua la chini, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, nikiamini nimeokoa pesa. Masika hayohayo lilizama Msongola likiwa na mifuko 15 ya saruji. Nililipa trekta kulivuta, na saruji yote ikanyeshewa. Mara ya pili nikaruka hadi juu kabisa. Taa zake za LED ziling'olewa usiku mmoja nje ya nyumba ya shemeji yangu Kinondoni, na rimu mbili zikapasuka kabla gari halijatimiza mwaka. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyalipia.

Piga mstari katikati ya karatasi

Kabla ya kutazama bei, nilimtaka achore mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aandike vitu ambavyo kiwanda kisipoviweka, hakuna fundi wa Dar atakayeviongeza kwa gharama inayoeleweka: injini, aina ya gia, foo-wili (injini kusukuma magurudumu yote manne), loki ya difu (ya kuyafunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja), mifuko ya hewa, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na urefu wa bodi. Upande wa pili aandike vitu ambavyo ukienda kwa mafundi wa mitaa ya Gerezani au Shaurimoyo vinafungwa siku hiyohiyo wewe ukiwa umekaa kwenye benchi: redio yenye skrini, kamera ya nyuma, rimu za sporti, keria, ngazi za pembeni, turubai, kava za ngozi, taa za ukungu.

Pesa ya kupanda daraja ina maana pale inaponunua kitu cha upande wa kwanza. Ikinunua cha upande wa pili, unamlipa muuzaji wa gari bei ya kitu ambacho Kariakoo kinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ulinganisho wangu wote unasimama kwenye mstari huo, na ndiyo maana baadhi ya mambo nitakaa nayo sana na mengine nitayapita haraka.

Jina la daraja lisikupoteze

Ford hupanga Ranger zake kwa majina ya XL, XLS, XLT, Wildtrak na Raptor. Toyota hubadili majina ya Hilux kufuatana na soko: Afrika Kusini utasikia Raider na Legend, Australia utasikia WorkMate, SR na SR5. Hapa Dar gari linaweza kuwa limeingizwa na wakala wa kampuni, au limepitia Dubai na kuishia kwenye yadi likiwa na kilomita sifuri, na hapo jina lililobandikwa kwenye mlango wa bodi halikuhakikishii chochote. Kilichomo kwenye daraja moja nchi hii kinaweza kukosekana kwenye daraja la jina hilohilo nchi nyingine.

Soma kibati cha utambulisho wa gari. Kwenye Hilux za kizazi kilichoanza 2015, namba inayoanza na GUN125 ni dizeli ya lita 2.4 yenye foo-wili, na GUN126 ni ya lita 2.8 yenye foo-wili. GUN122 ni lita 2.4 isiyo na foo-wili. Muuzaji akikwambia "hizi zote ni sawa", omba kibati, piga picha, halafu linganisha na kilichoandikwa kwenye profoma. Kwenye profoma ya kati ya mdogo wangu palikuwa na neno "4x4", yaani foo-wili, juu na namba ya gari lisilo na foo-wili chini. Inawezekana ni kosa la kuchapa tu, lakini ni kosa ambalo angeligundua Chanika, kwenye tope.

Kebini moja au mbili

Daraja la chini mara nyingi ndilo linalopatikana kwa singo kebini, yaani lenye siti za mbele tu, na hapo ndipo wengi huamua kwa aibu badala ya kazi. Kuna mawazo kwamba singo kebini ni gari la kubebea mchanga na mtu mwenye heshima zake hanunui. Kwa biashara ya mizigo peke yake ni gari bora kuliko dabo kebini, lile lenye siti za nyuma pia, na sisemi hivyo kumfariji mtu.

Bodi ya Hilux ya singo kebini ina urefu wa takribani mita 2.3. Ya dabo kebini ni kama mita 1.5. Bati la kawaida la mita 3 kwenye singo kebini linatokeza nyuma kidogo, ukiteremsha mlango wa bodi na kufunga kamba vizuri linafika. Kwenye dabo kebini nusu ya bati inaning'inia nje, na ukiingia barabara ya matuta kama ile ya kwenda Goba ndani, bati linaanza kucheza na kukatika pindo. Mabomba ya visima nayo ni vilevile. Ndiyo maana mwenye dabo kebini na kazi ya mabomba hana njia ila kufunga keria ya juu, na keria ina uzito wake na bei yake.

Kwa mdogo wangu jambo hili liliamuliwa na watoto. Singo kebini ingemlazimu kununua gari la pili, na pesa hiyo hana. Tukaifuta profoma ya chini hapohapo, ingawa nilimwambia wazi kwamba kama angekuwa bado kijana peke yake, ningemshauri aichukue hiyo, aongeze foo-wili kwenye oda, na kiasi kilichobaki akakiweke kwenye pampu za kuuza.

Injini na gia, hapa usifanye haraka

Watu husema "injini ni ileile, tofauti ni urembo". Mara nyingine ni kweli, mara nyingine siyo, na tofauti imejificha kwenye mistari midogo.

Chukua Hilux ya lita 2.4. Ikifungwa gia tano za mkono, nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni mita 343. Injini hiyohiyo ikiwa na gia sita inatoa 400. Ile ya lita 2.8, baada ya kuboreshwa mwaka 2020, inatoa kilowati 150, na nguvu ya kuzungusha ni nyutoni mita 500 ikiwa ya otomatiki, 420 ikiwa ya mkono. Upande wa Ranger iliyoingia sokoni 2022, lita 2.0 yenye turbo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini) moja ni kilowati 125 na nyutoni mita 405, ya turbo mbili ni 154 na 500, na ile ya V6, yaani silinda sita, ya lita 3.0 inafika 184 na 600.

Namba hizo zinamaanisha nini mtaani kwetu? Nyutoni mita ndiyo nguvu unayoisikia ukiwa na mzigo kwenye mlima, mguu ukiwa bado haujazama kwenye mafuta. Kupanda kutoka Kimara kuelekea Mbezi ukiwa na kilo 800 nyuma, gari la 343 litakuomba ushuke gia, lakini litapanda. La 400 litapanda kwa utulivu. La 500 hutakumbuka kwamba umebeba. Ila jiulize mara ngapi kwa wiki unabeba kilo 800. Kwa mtu wa ndani ya Dar, ambako foleni ndiyo inayopanga mwendo, kuruka kutoka 400 kwenda 500 ni raha zaidi kuliko kazi. Kwa anayevuta trela au jenereta kubwa hadi Morogoro na Iringa kila wiki, ni kazi kweli, na injini ndogo itachoka mapema.

Gia za mkono au otomatiki ni suala zito kuliko ukubwa wa injini, na naona halizungumzwi vya kutosha. Saa kumi na moja jioni, toka Tazara hadi Gongo la Mboto, mguu wa kushoto unakanyaga klachi mara zisizohesabika. Ukiendesha mwenyewe, unachoka wewe. Akiendesha dereva wa kuajiriwa, inachoka klachi, maana madereva wengi hushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono. Kwenye gari langu la kwanza nilibadilisha sahani ya klachi mara mbili ndani ya miaka mitatu, na nilipokaa pembeni ya dereva wangu siku moja nzima nikaelewa kwa nini. Otomatiki nayo inataka mafuta yake ya gia yabadilishwe kwa wakati, na ikifa ni msiba wa pesa nyingi. Hata hivyo, kwa foleni ya Dar na gari linaloendeshwa na watu wawili au watatu, mimi ni upande wa otomatiki. Na kwa kuwa madaraja ya chini kabisa kwa kawaida huja na gia za mkono, hii ni sababu halali ya kupanda daraja moja.

Foo-wili na loki ya difu

Difu ni gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, na ya kawaida ina tabia ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu lisilo na upinzani. Gurudumu moja la nyuma likiingia mtaroni na kuning'inia, hilo ndilo litakalozunguka, na lile lililokanyaga ardhi ngumu litatulia kimya. Loki ya difu inayafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, na gari linatoka. Ukiwa na foo-wili na loki ya difu, njia za Msongola na Mvuti wakati wa masika unazipita. Ukiwa na foo-wili bila loki, utapita nyingi. Ukiwa huna vyote, unahitaji namba ya simu ya mwenye trekta.

Uzuri ni kwamba loki ya difu si lazima iwe kitu cha daraja la juu. Mara nyingi gari la kazi la chini linayo, maana linatengenezwa kwa ajili ya migodi na mashamba. Uliza kila daraja peke yake. Tafuta swichi yake kwenye dashibodi kwa macho yako.

Tahadhari moja kwa wageni wa magari haya: foo-wili ya kuunganisha kwa muda haitakiwi kuwashwa kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi urefu sawa kwenye kona, na nguvu inayobanwa humo huumiza gia na shafti. Ranger ya V6 ina mfumo ambao unaweza kuachwa umewashwa hata kwenye lami, lakini nyingi ya pikapu za sokoni kwetu si hivyo. Na kama mizigo yako ni Kariakoo hadi Tegeta, lami mlango hadi mlango, foo-wili ni kilo na mafuta unavyovibeba bure. Iache.

Mifuko ya hewa na breki

Hapa sitaki kujadiliana na mtu.

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Mvua ya kwanza ya vuli ikichanganyika na oili na vumbi la miezi mitatu kwenye lami, breki ya ghafla inaweza kuizungusha kabla hujasema jina la Mungu. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inakuachia uwezo wa kukata usukani ukiwa umekanyaga breki. Mfumo wa kuzuia kuteleza unabana gurudumu moja moja wenyewe na kulirudisha gari kwenye mstari. Huu wa pili ndio baadhi ya magari ya daraja la chini hunyimwa, na ndio ninaoutazama kwanza kuliko skrini, kuliko siti, kuliko jina. Hakuna fundi wa kuuongeza baadaye.

Mifuko ya hewa hesabu ni ngapi na iko wapi. Miwili ya mbele inamlinda dereva na wa pembeni yake. Watoto wanaokaa nyuma hailindi hata kidogo. Wao wanahitaji ile ya pazia inayoshuka madirishani, na hiyo huanza kupatikana madaraja ya kati au ya juu. Uliza pia nanga za kufungia kiti cha mtoto na mkanda wa kukatiza kifuani kwa abiria wa katikati nyuma.

Na usiishie kuhesabu mifuko. Mwaka 2018 shirika la kupima usalama wa magari la Global NCAP lilifanya jaribio la kugongesha Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa, lakini ilipata nyota sifuri kwa sababu kebini yenyewe ilishindwa kuhimili. Kwa hiyo swali la usalama ni la gari zima kwanza, halafu daraja. Muuzaji akikuonyesha nyota tano za Ulaya au Australia, muulize kama gari lililojaribiwa lilikuwa na mifuko mingapi, na hili lililo mbele yako lina mingapi.

Uzito ambao daraja la juu hukunyang'anya

Jambo hili nililijua nimechelewa. Kila pikapu ina uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na vyote vilivyomo. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba, na humo wamo watu. Daraja la juu lina siti nzito, rimu kubwa, vyuma vya urembo, ngazi, kifuniko cha bodi. Vyote hivyo vinakula mzigo wako.

Tuseme uzito wa juu ni kilo 3,000 na gari tupu ni 2,050. Umebaki na 950. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, umebaki na 650. Keria na sanduku la vifaa kilo 70, umebaki na 580. Hiyo ni mifuko 11 ya saruji, siyo 20 kama vijana wa duka wanavyopakia. Springi za nyuma hazitalalamika siku hiyo. Zitalala taratibu, taa zitaanza kumulika juu ya miti, na siku moja majani ya springi yatakatika.

Mfano ulio wazi kabisa ni Raptor. Ni Ranger ya bei ya juu, lakini nyuma ina koili badala ya springi za majani, imetengenezwa kwa kukimbia kwenye mchanga. Inaruhusiwa kuvuta kilo 2,500, wakati ndugu zake wa bei ya chini huvuta hadi 3,500. Ni gari zuri mno. Kwa fundi wa visima halifai.

Rimu na tairi

Daraja la kati la Hilux kwa kawaida hukanyaga tairi ya 265/65 R17, la juu 265/60 R18. Ukipiga hesabu, kimo cha tairi zima ni karibu sawa, milimita 775 hivi. Tofauti iko kwenye ukuta wa mpira: ya inchi 17 ina milimita 172 kati ya rimu na barabara, ya inchi 18 ina 159. Milimita 13 hizo ndizo zilizokosekana nilipoingia kwenye shimo lililojaa maji pale Jangwani, sikuliona, nikasikia mlio, na jioni rimu ikawa na ufa.

Rimu ya chuma ya daraja la chini ikipinda, fundi anaigonga kwa nyundo na unaendelea na safari. Ya sporti ikipasuka, ni kuchomelea na kuomba Mungu, au kununua nyingine. Tairi za inchi 16 na 17 zinapatikana kila duka la tairi hadi huko Mkuranga. Za inchi 18 itabidi urudi mjini. Kama daraja unalolitaka linakuja na 18, muulize muuzaji akubadilishie kwa 17 kabla ya kulipa. Wengine hukubali, maana kuna mteja mwingine anayezililia zile kubwa.

Yaliyobaki ndani ya kebini

Siti za ngozi: gari likikaa juani saa mbili mwezi Februari hutazitamani. Kitambaa kizuri chenye kava kinatosha. Skrini kubwa: uamuzi wako. Kamera ya nyuma ni muhimu, hasa penye watoto, lakini inafungwa Gerezani. Sakafu ya mpira ya daraja la chini naipenda kuliko zulia, maana tope la Chanika unalitoa kwa ndoo ya maji. Funguo ya kubonyeza ni raha hadi siku ipotee. Vioo vya pembeni vinavyojikunja kwa umeme vinasaidia kwenye vichochoro vya Kariakoo, na ndivyo hivyohivyo wezi wanavyovipenda. Ukinunua daraja lenye vioo na taa za gharama, siku ileile ya kutoa gari ichongwe namba ya usajili kwenye vioo na taa zote. Mimi nilisema nitafanya wiki ijayo.

Kila milioni 10 inakuwa ngapi

Profoma inaonyesha tofauti ya bei ya leo. Tofauti ya kweli ni kubwa zaidi.

Ukikopa milioni 10 za kupandia daraja kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, salio likipungua, kwa miezi 36, utalipa kama 347,000 kila mwezi. Jumla inakaribia milioni 12.5. Bima kubwa hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukitozwa asilimia 3.5, kila milioni 10 inaongeza 350,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni karibu milioni moja. Umefika milioni 13.5 kabla hujagusa tairi. Weka namba hiyo kwenye kila pengo la profoma zako, halafu uliza tena kama siti za ngozi zina thamani hiyo.

Hakikisha pia bei zote tatu zimeandikwa kwa namna moja. Moja ikiwa na VAT ya asilimia 18 ndani na nyingine haina, unalinganisha mbuzi na kuku. Uliza usajili, namba za gari na sevisi za mwanzo vimo au havimo. 

Siku ya kuuza, mnunuzi wa mkononi hapa Dar atauliza dizeli au petroli, foo-wili ipo, gia gani, kilomita ngapi, imewahi kugongwa. Sijawahi kuulizwa inchi za skrini. Kwa uzoefu wangu wa kuuza gari zote mbili, la juu ndilo lililopoteza pesa nyingi zaidi kwa hesabu ya shilingi, na mnunuzi wake alichelewa kupatikana kwa sababu mwenye pesa hiyo angeweza kwenda kuchukua jipya la kati.

Nani achukue lipi

Mwenye duka la vifaa, shamba la kuku au kazi ya kusambaza maji, gari likiendeshwa na dereva na familia ikiwa na usafiri mwingine: chukua la chini, singo kebini, lakini usikubali bila ABS na mfumo wa kuzuia kuteleza. Ongeza foo-wili kama njia zako hazina lami.

Mwenye gari moja la kazi na familia: la kati, dabo kebini, otomatiki, mifuko ya pazia. Kwa watu wengi wa Dar nalisema bila kusita.

La juu nalishauri kwa mtu wa safari ndefu. Anayetoka Dar kwenda Mbeya au Tabora mara mbili kwa mwezi anahitaji injini kubwa ya kupita malori salama, siti inayoshikilia mgongo, na taa zinazomulika mbali. Huyo anatumia kila alicholipia. Anayelitaka kwa sababu analipenda na pesa ni yake asiyoikopa, nalo ni jambo lake. Mimi pia nililipenda langu.

Mdogo wangu alirudi shoroomu Ijumaa na karatasi yenye mstari katikati. Amechagua la kati, lita 2.4, otomatiki, foo-wili na loki ya difu, mifuko ya pazia ipo, rimu zimebaki inchi 17. Wamemwandikia profoma upya, na safari hii namba ya kwenye kibati inalingana na maneno ya juu. Ngazi za chrome na kifuniko cha bodi tumeviondoa, na kiasi hicho kimehamia kwenye keria. Jumamosi asubuhi tunakwenda wote Gerezani na bomba moja refu begani, fundi apime keria kwa bomba lenyewe.